Siku ya Mwana Kupona: Tuadhimishe Tarehe Ipi?

Kama ilivyo ada, kijitabu chetu cha mchango wa mwaka hutanguliza makala moja ya historia kabla ya kurasa za hesabu. Safari hii tumechagua jambo lililochukua muda mwingi katika mikutano yetu, nalo ni kumwekea siku ya kuadhimishwa Mwana Kupona binti Msham, mmoja wa watunzi mashuhuri wa Kiswahili wa karne ya 19.

Juu ya wazo lenyewe hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuja kwenye tarehe. Vijana walitaka siku ya kuzaliwa kwake, kwa kuwa ndiyo siku ambayo miji mingi duniani huwakumbuka waandishi wao. Wazee wakasema kwetu mtu huombewa siku aliyofariki, hasomewi siku aliyozaliwa. Wengine wakauliza: kama siku zote mbili hazikuandikwa, tutaadhimisha nini? Swali hilo ni la historia, na tumeona ni haki yenu kulisoma kwa ukamilifu kabla hamjaombwa kutoa hata shilingi moja.

MAMA HUYU NA ZAMA ZAKE

Mwana Kupona alizaliwa kisiwani Pate, na wataalamu hukadiria kuwa ilikuwa mwaka 1810 au karibu na hapo. Aliolewa na Sheikh wa Siyu, Bwana Mataka wa ukoo wa Famau, mtu ambaye jina lake halitoki katika historia ya mwambao wetu. Siyu ya wakati ule ilikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Hapo misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi, ngozi zikashonwa viatu na majalada ya vitabu, na milango ikachongwa. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said aliyetawala Unguja alileta majeshi kutaka kuutia mji huo chini ya bendera yake. Watu wa Siyu wakiongozwa na Bwana Mataka waliyarudisha nyuma, na Amir Hammad, jemadari wa Sayyid, aliuawa katika vita hivyo.

Mwana Kupona aliishi ndani ya mambo hayo akiwa mke wa kiongozi na mama wa watoto wawili, Muhammad na Mwana Hashima. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Muda mfupi baadaye mjane huyu aliugua, na maradhi yakamshika muda mrefu. Alipoona hapati nafuu alimtungia binti yake utendi wa beti mia na zaidi kidogo: vipande vinne kwa kila ubeti, mizani nane kwa kila kipande, na kina kimoja kinachorudi mwisho wa kila ubeti kuanzia mwanzo hadi tamati. Alifariki takriban mwaka 1860.

Utendi huo ndio Utendi wa Mwana Kupona unaofundishwa leo katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Ulaya. Mtunzi anamwita binti yake asogee na wino na karatasi, anamweleza kuwa maradhi yametimiza mwaka, kisha anamwachia wasia juu ya dini, ulimi, adabu, ndoa na watu wa kuishi nao. Mwishoni anaomba dua ndefu, akiwaweka watoto wake mikononi mwa Mola.

KUZALIWA KWETU HAKUKUANDIKWA

Katika zama za Mwana Kupona hapakuwa na daftari la serikali la kuandika vizazi katika miji yetu. Mtoto alihesabiwa umri kwa tukio: alizaliwa mwaka wa vita fulani, au mwaka wa njaa, au msimu wa kaskazi majahazi yalipoingia. Jambo hili halikuwa uzembe. Watu walijuana, na aliyetaka kujua nani mkubwa kwa nani alimuuliza bibi wa mtaa.

Siku ya kufa ndiyo iliyotunzwa zaidi, hasa ya mwanachuoni, kwa sababu ilikuwa na kazi. Kila ilipozunguka watu walikusanyika kwa hauli, wakasoma, wakamuombea marehemu, wakala pamoja. Kuzaliwa kunakosomewa na mji mzima kwetu ni kumoja tu, nako ni kwa Mtume. Neno lenyewe, maulidi, maana yake ni kuzaliwa. Lamu wanaonyesha jambo hilo linavyoweza kujenga mji. Tangu Habib Swaleh alipoimarisha usomaji wa maulidi pale Riyadha, watu wamekuwa wakivuka bahari kwenda huko kila mwaka kutoka pwani nzima. Pamoja na kisomo yamekua mashindano ya mbio za punda na za mashua, bao na kirumbizi, na baada ya kisomo huja ziara ya kaburi la Habib mwenyewe. Sherehe ikikaa kwa muda mrefu huwa shule, soko na mahali pa kupatana waliokosana.

Kwa hivyo wazee walisema kweli. Lakini vijana nao walikuwa na hoja, na ili tuipime tulitazama miji ya mbali ilivyowaadhimisha waandishi wake.

MIJI MINGINE ILIANZAJE?

Sherehe ya mwandishi inayojulikana kuliko zote pengine ni ile ya Robert Burns, mshairi wa Scotland. Yeye alifariki mwaka 1796, kabla karne ya 19 haijaingia, lakini sherehe yake ni zao la karne hiyo. Ilianza Julai 1801, pale marafiki tisa walipokutana kula katika nyumba ndogo ya Alloway alimozaliwa. Siku waliyoichagua ilikuwa ya kutimia miaka mitano tangu kifo chake. Kwa lugha yetu, ile ilikuwa hauli.

Waliofuata walikuwa watu wa nyumbani walioko mbali. Wafanyabiashara wenye asili ya jimbo la Ayrshire, alikozaliwa Burns, walikuwa wakiishi katika bandari ya Greenock. Wakaunda chama chao, na tarehe 29 Januari 1802 wakafanya karamu wakiamini hiyo ndiyo siku aliyozaliwa mshairi wao. Mwaka uliofuata daftari la kanisa la Ayr lilipoangaliwa ilionekana kuwa alizaliwa tarehe 25 Januari 1759. Wakasogeza tarehe, mambo yakaendelea. Leo karamu hiyo hufanywa kila Januari katika nchi nyingi, na msingi wake ni ule ule: chakula cha kwao, mashairi yanayosomwa kwa sauti, na mtu wa kumsema marehemu kwa uzuri.

Habari hiyo ina mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, walianza watu tisa. Pili, walioikuza ni watu wa nyumbani walioko ugenini, kama wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Tatu, tarehe yao ya kwanza haikuwa sahihi, na hilo halikuivunja sherehe, kwa kuwa mashairi yenyewe yalikuwa mikononi mwao.

Mfano wa pili ni wa Urusi. Alexander Pushkin, ambaye babu wa mama yake alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, alizaliwa Moscow mwaka 1799. Warusi walichangishana ili kumjengea sanamu katika mji huo. Uzinduzi ulipangwa uwe siku yake ya kuzaliwa mwaka 1880, lakini mke wa mfalme akafariki siku chache kabla, na sherehe ikaahirishwa hadi Juni. Watu walihudhuria kwa wingi, na hotuba aliyoitoa hapo mwandishi Dostoevsky inasomwa mpaka leo.

Mfano wa tatu ni wa Ufilipino. José Rizal alizaliwa tarehe 19 Juni 1861 katika mji wa Calamba. Riwaya zake mbili, moja ya mwaka 1887 na nyingine ya 1891, ziliwaudhi watawala wa Kihispania, na tarehe 30 Desemba 1896 akapigwa risasi mjini Manila. Taifa zima humkumbuka Desemba, siku ya kifo. Calamba, mji uliomzaa, humkumbuka pia Juni. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa imekwisha kubomolewa. Iliposimamishwa upya na kufunguliwa mwaka 1950, sehemu ya fedha ilikuwa michango midogo midogo ya watoto wa shule.

Katika mifano yote mitatu, siku imebishaniwa, imesogezwa au imegawanywa. Kilichodumu ni vitu viwili: maneno ya mwandishi yaliyosomwa mbele ya watu, na kitu cha manufaa kilichobaki mjini baada ya wageni kuondoka.

WALIOMWADHIMISHA KABLA YETU

Isidhaniwe kuwa Mwana Kupona alikaa bila kukumbukwa mpaka chama chetu kilipokaa kikao. Wa kwanza kumuenzi alikuwa yule binti. Mwana Hashima, aliyezaliwa mwaka 1841, alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba alipotungiwa wasia ule. Alihamia Lamu, akaishi mpaka uzee mkubwa, akafariki mwaka 1933. Wanawake wa visiwa hivi waliuhifadhi utendi kwa moyo, wakaughani na kuwafundisha mabinti. Wengine waliunakili kwa hati za Kiarabu na kuutunza kandukuni pamoja na nguo za arusi.

Kisha wakaja wanakili na wachapaji. Muhammad Kijuma wa Lamu, fundi wa hati, kuchonga na mashairi, alinakili tendi nyingi za watu wetu kwa ajili ya wasomi wa Kizungu. Alice Werner, Mwingereza aliyefika Lamu mwanzoni mwa karne ya 20 wakati Mwana Hashima bado yu hai, aliuchapisha utendi huu mwaka 1917. Mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa upya ukiwa kitabu. Baadaye J. W. T. Allen aliutia katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka 1971, baada ya kazi kubwa ya kukusanya miswada iliyowekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miswada mingine mingi ya pwani yetu imehifadhiwa London.

Tunawashukuru wote hao. Lakini tuseme wazi jambo linalotukera. Mtafiti wa London anaweza kuketi na kufungua miswada ya Lamu na Pate iliyotunzwa vizuri. Mtoto wa Siyu akitaka kuuona utendi wa mama wa mji wake, hakuna chumba kisiwani cha kumkaribisha. Na yale makaratasi ambayo bado yamo majumbani mwetu yanaliwa na mchwa, yanachakazwa na unyevu wa bahari, na kila nyumba ya zamani ikibomolewa kitu fulani hupotea.

LAWAMA ZISIZOFICHWA

Si kila mtu anafurahia utendi huu, na mabinti zetu wa vyuo wametuambia hivyo usoni. Wanasema unamfundisha mwanamke kumtii mume kupita kiasi, aamke kwa ajili yake, ajipambe kwa ajili yake, aombe radhi yake kama ufunguo wa pepo. Wanasema pia kuwa unawatenga watumwa, ukimwonya binti asichanganyike nao ila kwa kazi. Hayo yamo, na hatutayaficha wala kuyafuta katika nakala tutakazochapa. Ni maneno ya mke wa kiongozi katika mji uliokuwa na watumwa, na miongoni mwetu wamo wajukuu wa waliotumwa na wajukuu wa waliotumikisha.

Lakini utendi una upande mwingine pia. Unamtaka binti awe mkweli, azuie ulimi, asiwadharau masikini. Unaeleza ndoa ya mtunzi mwenyewe kwa upendo wa mtu anayemlilia mwenziwe. Na juu ya yote, ni sauti ya mwanamke wa kisiwa hiki aliyejua kusoma, kuandika na kupima mizani katika zama ambazo vitabu vingi vya historia yetu havitaji jina la mwanamke hata mmoja. Kuna wanaosema ushauri ule ulikuwa ngao, njia ya mama anayejua atakufa kumlinda binti yatima katika nyumba ya watu. Wengine hawakubali. Sherehe ya mtunzi ni mahali pa kubishana kwa adabu juu ya jambo kama hilo, mbele ya maandishi yenyewe. Mtu anayesifiwa tu bila kusomwa husahaulika upesi.

TAREHE ALIYOIANDIKA MWENYEWE

Sasa turudi kwenye tarehe. Mwana Kupona hakutuachia siku yake ya kuzaliwa, lakini alituachia tarehe moja bila shaka yoyote. Kama walivyofanya watunzi wengi wa zama zake, aliutia mwaka ndani ya beti za mwisho: 1275 wa Hijria. Mwaka huo uliingia Agosti 1858. Ni yeye aliyeichagua tarehe hiyo, akaitia katika mizani na vina ili asiweze mtu kuibadilisha bila kuuvunja ubeti.

Kwa hivyo chama chetu kimeafikiana hivi. Tutaadhimisha kuzaliwa kwa utendi. Siku yenyewe tumeiweka Agosti kwa sababu mbili: ni mwezi ulioingia mwaka huo wa 1275, na ndio mwezi ambao shule zimefungwa, watoto wako nyumbani na walioko mbali huweza kupata nafasi ya kurudi. Walioshika rai ya hauli hawakupoteza kitu, maana siku itaanza kwa hitima na dua kwa Mwana Kupona na marehemu wote wa kisiwa. Waliotaka kuzaliwa nao wamepata kuzaliwa. Mwaka 2028 zitatimia hesabu za miaka 170 tangu 1858, nasi tunataka siku hiyo itukute tuna kitu cha kuonyesha.

Namna ya kuadhimisha nayo hatukulazimika kuibuni. Mtunzi mwenyewe anaelekea mwisho wa utendi akiwaambia wanawake wote wausome. Basi utasomwa. Utaghaniwa wote, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na wanawake na wasichana wa Siyu, Pate, Faza, Kizingitini, Tchundwa na Mbwajumwali, kila mji ukipokezana na mwingine. Mashindano ya mashua, lelemama na chakula vitafuata, lakini usomaji utatangulia.

MCHANGO WENU UTAFANYA NINI

Mchango wa mwaka huu, baada ya yale ya maji na karo yaliyoelezwa katika kurasa za hesabu, una mambo matatu ya kumuenzi mama huyu.

Kwanza ni kupiga picha miswada iliyomo majumbani. Hatutaichukua kwa mwenyewe. Itapigwa picha mbele yake, abaki nayo, apewe na kisanduku cha kuihifadhi dhidi ya mchwa na unyevu. Mwenye barua, msahafu, utendi au daftari la babu asione haya kwamba limechanika.

Pili ni kuchapa utendi kwa herufi za kawaida na za Kiarabu, pamoja na maelezo ya maneno ya kale ambayo watoto wa sasa hawayajui, ili kila shule ya kisiwa ipate nakala za kutosha darasa zima. Wazee wanaojua maneno hayo bado wapo. Tunawaomba wajitokeze.

Tatu ni chumba kimoja cha kusomea, chenye rafu, meza na taa, mahali ambapo mtoto ataweza kukaa baada ya chuo na shule na kufungua vitabu vya kwao. Tunaanza na chumba tu, tena katika jengo lililopo, kwa kuwa jengo jipya lisilo na vitabu halitamsaidia mtoto kusoma.

Watakaochanga shilingi elfu na watakaochanga laki, majina yao yataandikwa kwa mpangilio mmoja wa alfabeti. Watoto wa shule watakaoleta chochote nao wataandikwa, kwa kuwa Calamba imetufundisha kuwa nyumba inaweza kusimama kwa senti za watoto. Na asiye na fedha akajua ubeti kumi kwa moyo, aje Agosti aughani. Huo nao ni mchango, na utaandikwa.